Mzee Kulikoni Aaga Dawati la Wageni Wenye Hasira

Ifikapo tarehe thelathini mwezi huu, Mkuu wa Dawati la Makundi ya Jamii katika Ofisi ya Rais atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa ya utumishi, na atastaafu rasmi. Kwenye barua ya ajira ana jina refu lenye heshima zake zote, lakini humu ndani hakuna anayelitumia. Kuanzia mlinzi wa lango hadi Mheshimiwa Rais mwenyewe, sote tunamwita Mzee Kulikoni, kwa kuwa hilo ndilo neno lake la kwanza aingiapo popote, awe amekuta kikao cha mawaziri au bomba linalovuja.

Jarida letu la wafanyakazi limeniomba niandike habari zake kwa sababu tumekaa chumba kimoja muda mrefu, meza zetu zikitazamana. Mkuu wa Ofisi ya Rais ameisoma makala hii kabla ya kuchapishwa. Hakupinga chochote, ila aliomba kivumishi kimoja kinachomhusu kiondolewe. Nimekiondoa. Wanaomfahamu watakijaza wenyewe.

Mzee Kulikoni alitokea redioni, alikokuwa akisoma salamu za wasikilizaji. Anasema kazi ile ilimtesa. Kila asubuhi alisoma kwamba fulani anamsalimu shangazi yake na kumwambia yaliyopita yamepita, kisha anageuza karatasi bila kujua yaliyopita ni yapi. Aliacha kazi, akaomba ya huku, akaipata. Siku ya kwanza alimuuliza mlinzi wa lango majengo haya yana milango mingapi, Rais hutokea upi, na kwa nini zamu hubadilishwa mapema vile. Kabla hata hajaonyeshwa meza yake, alikuwa tayari kwenye chumba cha usalama akihojiwa. Wahojaji wake wanakumbuka kwamba baada ya muda mfupi wao ndio waliokuwa wakijibu maswali. Jioni aliachiwa akiwa na marafiki wawili wapya, ambao mmoja wao alikuja kuwa msimamizi wa harusi yake.

Kazi ya dawati lake ni kupokea makundi yenye jambo la kumwambia Rais: wenye mabasi, wastaafu, vinyozi, wakulima, viongozi wa dini. Wengi huja wamenuna. Yeye hakuwahi kuwapokea akiwa nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa upande wao, bega kwa bega, kana kwamba naye amekuja kulalamika. Meza, husema, ni ya kuwekea chai, si ya kujifichia. Mara nyingine udadisi wake ulivuka mpaka. Kwenye picha rasmi ya wafanyakazi inayoning'inia ukumbini pana pengo katika safu ya pili. Hapo ndipo alipotakiwa kusimama. Mpiga picha alipobofya, mwenzetu alikuwa chini kwenye chumba cha majenereta akiuliza kwa nini moja linakohoa.

Amewatumikia marais wanne, na wote wanne walimpenda kwa sababu zilezile zilizowachosha. Hata hivyo, wasifu wa Mzee Kulikoni usiogusa sakata la wahafidhina utakuwa kama harusi isiyo na bibi harusi. Kwa faida ya walioajiriwa karibuni, nitalieleza tangu mwanzo.

Rais wetu wa sasa aliingia madarakani akiwa amebebwa mabegani na watu ambao magazeti huwaita wahafidhina. Wenyewe hujiita Walinzi wa Nyumba. Ni walimu wastaafu, wenye maduka, mafundi, viongozi wa dini, kina mama wa vikundi. Hawapendi mambo ya papara. Wanataka ndoa zidumu, watoto waamkie wakubwa, na serikali isitie pua katika kila chungu. Kwenye kampeni walikuwa na ombi moja kubwa: maduka ya kubashiri mechi yaondolewe kwenye mitaa wanayoishi watu. Mgombea wetu aliahidi jukwaani mkono ukiwa juu, mvua ikimpiga. Wakamwombea kura nyumba kwa nyumba, na akashinda.

Aliyewaongoza ni mwalimu mkuu mstaafu ambaye nchi nzima humwita Mwalimu, basi. Huyo ni dada yake Mzee Kulikoni, kifungua mimba wa mama yao. Mama alipofariki, Mwalimu ndiye aliyemlea mdogo wake, akamfundisha kusoma, akamchagulia hata mwanamke wa kuoa, kisha akakanusha kwamba alimchagulia.

Ushindi ulipokwisha kusherehekewa, maduka ya kubashiri hayakupungua, yaliongezeka. Washauri wa Rais walieleza kwamba kodi ya maduka hayo inaezeka zahanati na kwamba vijana wanayapenda. Walinzi wa Nyumba wakaomba kumwona Rais. Wakaahirishwa, wakaomba tena, wakaahirishwa tena. Hatimaye wakapewa siku. Walifika asubuhi wamevaa vizuri, wakakaa kwenye chumba cha wageni mpaka magazeti ya pale yakawaishia. Mchana akaja katibu kuwaambia kwa masikitiko kwamba Mheshimiwa amesafiri. Bahati mbaya dirisha la chumba kile linatazama uani, na Mheshimiwa alikuwa anakatiza uani akicheka na simu.

Mwalimu alisimama, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akamwambia katibu kwa upole:

"Mfikishie salamu aliyesafiri. Mwambie safari yake tumeiona."

Wakaondoka. Mzee Kulikoni alikuwa amekatazwa kuhudhuria kwa sababu ya udugu. Alikuwa chumbani kwetu, nami nilimwona akiinua kichwa waliposhuka ngazi. Alikwenda dirishani akamtazama dada yake akivuka lango. "Kavaa viatu vyake vya harusi," alisema, na siku hiyo hakuuliza swali lolote.

Jambo lingeweza kuishia kwenye kinyongo tu. Wiki iliyofuata, katika kikao cha ndani, mmoja alionya kwamba watu hawa wamekasirika kweli. Msemaji wa Rais akacheka. "Wanune tu," alisema. "Kwani wataenda wapi?" Hakujua kwamba simu iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa imejipigia yenyewe kwa mwandishi wa redio, na mwandishi huyo hakuwa mtu wa kukata simu. Mtama ukamwagika penye kuku wengi. Kabla ya chakula cha mchana nchi nzima ilikuwa ikirudia maneno yale. Waandishi wakamwendea Mwalimu wakamuuliza, haya, mtaenda wapi? Akajibu neno moja: "Nyumbani."

Hawakuandamana wala hawakuhamia upinzani. Walitangaza kwamba siku ya kupiga kura watakaa majumbani mwao wakinywa chai. Jimbo moja lilikuwa linasubiri uchaguzi mdogo, na ni jimbo ambalo chama cha Rais kilizoea kulichukua bila kutoa jasho.

Kwa kuwa habari ya simu ya mfukoni ilikuwa bado haijajulikana, minong'ono humu ndani ilimwelekea mtu mmoja. Nani mwenye dada huko? Jina la Mzee Kulikoni likaondolewa kwenye vikao. Akiingia kwenye lifti, maongezi yanakatika na watu wanaanza kusoma vitufe. Mkuu wa Ofisi akamwita.

"Mzee, yule ni dada yako," alimwambia. "Mtulize."

"Mheshimiwa, tangu nizaliwe sijaona mtu akimtuliza. Hata shemeji, Mungu amrehemu, hakujaribu."

"Basi nataka kujua uko upande gani."

"Mimi niko upande wa kutaka kujua wanataka nini," alijibu Mzee Kulikoni. "Sisi hapa nani anajua?"

Jibu hilo lilimhamisha. Alipelekwa ghorofa ya chini kwenye stoo ya viti vilivyovunjika, akae huko hadi hali itulie. Alikwenda bila kelele akiwa na birika lake. Niliposhuka kumjulia hali nilimkuta akichunguza kila kiti kilivyovunjika, na alikuwa ameshagundua kwamba viti vya idara ya fedha huvunjika mguu wa nyuma, kwa sababu kule watu huegemea.

Alicheka, lakini ndani alikuwa anaumia. Wakati uleule mpwa wake, binti ya Mwalimu, alikuwa anachumbiwa. Mzee Kulikoni alikwenda kama mjomba, tayari kusema maneno ya mjomba. Alikaribishwa sebuleni, akakalishwa upande wa wakwe watarajiwa, akaletewa chai katika vikombe vya wageni, vile vyenye mstari wa dhahabu ambavyo yeye mwenyewe alisaidia kuvinunua. Dada yake alimwita "Mheshimiwa". Maneno ya mjomba aliyasema binamu.

Usiku huo mkewe alimwona anazungukazunguka, akamwambia kitu ambacho Mzee alinisimulia kesho yake kama mtu aliyeokota lulu: "Mtu aliyekuchoka hakutolei vikombe vya kabatini. Anakupa kilichopo. Dada yako anakutafuta." Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mke wake, nadhani, alikuwa shambani tayari.

Jumamosi alikwenda kwa dada yake, akapita mlango wa jikoni kama zamani. Alimkuta anachambua mchele.

"Umetumwa?" Mwalimu aliuliza bila kuinua macho.

"Nani anitume, Dada? Mimi siku hizi nakaa na viti vibovu."

"Basi vuta kimoja ukae."

Alikaa. Akauliza swali ambalo, ukilifikiria, hakuna mtu wa ofisi yetu aliyekuwa amelitamka mbele ya Mlinzi wa Nyumba hata mmoja. Tulikuwa na ripoti za wataalamu juu yao, tulikuwa na kura za maoni, tulikuwa na Msemaji. Swali lenyewe lilikuwa hili: "Hivi mnataka nini hasa?"

Mwalimu aliweka ungo chini. "Wakitukubalia, vizuri," alisema. "Wakitaka kutukatalia, watukatalie machoni. Mimi nimewakatalia wazazi wa watu maisha yangu yote, mdogo wangu. Sijawahi kujificha nyuma ya mlango."

Mtu mwingine angeridhika, akaaga. Yeye aliendelea: "Na hawa vijana wanaoshinda kwenye maduka ya kubashiri, nyinyi mmewahi kuwauliza wanafuata nini?"

Mwalimu alikasirika, akamwambia asimletee siasa za ikulu jikoni mwake, na akamrudisha alikotoka. Lakini swali lilikuwa limeshaingia. Siku chache baadaye alivaa koti lake, akaingia mwenyewe kwenye duka la kubashiri lililo mtaani kwake. Vijana wote walisimama kwa pamoja wakamwamkia, maana nusu yao aliwafundisha. Akawauliza. Wakamjibu kwamba kuna feni, kuna televisheni, kuna mahali pa kuchaji simu, na hakuna mtu anayewauliza wanafanya nini na maisha yao. Mmoja alisema hajabashiri tangu mwaka jana. Anakuja kukaa tu. Mwalimu alikaa nao hadi mechi ikaisha. Inasemekana alitoa maoni makali kuhusu kipa.

Aliporudi nyumbani alimpigia mdogo wake simu. Alikuwa hajampigia kwa miezi mingi, na hakuanza na salamu. "Kumbe hawana pa kukaa," alisema.

Huku ofisini hakuna aliyetaka kusikia. Mzee Kulikoni alipanda mara kwa mara kuomba dakika chache za Mkuu wa Ofisi, akaambiwa Mkuu ana kikao. Uchaguzi mdogo ukafika. Walinzi wa Nyumba walitimiza ahadi yao: vituo vilikuwa vitupu mpaka makarani wakasinzia, na jimbo lile likaenda kwa upinzani. Wakati huohuo mafundi wa simu wakathibitisha jambo la mfuko wa Msemaji. Msemaji mwenyewe, kwa heshima yake, hakubisha.

Jumatatu Mkuu wa Ofisi alishuka stoo kwa miguu yake. Aliketi kwenye kiti, kikayumba, akainuka upesi, akatafuta kingine. "Kulikoni, Mzee?" alisema. Halafu akaomba radhi, kwa shida, kama anayemeza kidonge bila maji. Mzee Kulikoni aliipokea radhi ile bila kumfanya airudie. Alimweleza alichosikia jikoni na alichokiona Mwalimu dukani, kisha akatoa ushauri wake: wasiitwe huku tena, tuwafuate sisi, na tuwajibu ndiyo au hapana.

Mkutano ulifanyika kwenye bwalo la shule aliyokuwa akiongoza Mwalimu. Nilikuwepo. Viti vilikuwa vya wanafunzi, na Mkuu wa Ofisi, mtu mrefu, alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Msemaji alianza. Alisema kwamba iwapo kuna mtu yeyote aliyekwazika kwa namna yoyote—

"Futa, anza upya," Mwalimu alimkatiza, kwa sauti ileile iliyofuta insha za watoto miaka mingi.

Watu wakacheka, na Msemaji naye akacheka kidogo, jasho likimtoka. Akaanza upya: "Nilisema maneno ya dharau. Nisameheni." Ndiyo hotuba yake fupi kuliko zote, na wengi tunaona ndiyo bora.

Kisha Mkuu wa Ofisi akasimama. Alisema maduka yaliyo karibu na shule na nyumba za ibada yatahamishwa. Mengine hapana. Serikali inaitegemea kodi ile, na haitayafunga. Kutoka katikati ya bwalo akainuka mzee anayetengeneza saa, ambaye watu humwita Fundi Saa. Wakati wa kampeni alizunguka mitaa yote kwa mguu mbovu. Hakupaza sauti.

"Na siku ile ya mvua, jukwaani," aliuliza, "mlikusudia kuyafunga?"

Niliona Mkuu wa Ofisi akimtazama Mzee Kulikoni, na Mzee Kulikoni akimtazama tu, naye akisubiri kujua.

"Hapana," alisema Mkuu wa Ofisi. "Hatukukusudia."

"Asante," alisema Fundi Saa. Akachukua kofia yake akatoka. Sehemu kubwa ya bwalo ikamfuata, bila fujo, viti vikiburuzwa. Mzee Kulikoni aliwakimbilia mpaka mlangoni, lakini Fundi Saa hakugeuka. Wengi kati ya waliotoka siku ile hawajarudi hadi leo.

Waliobaki walibaki kwa ajili ya Mwalimu. Alisema hajaridhika, na asije mtu akaandika kwamba ameridhika. "Ila leo nimekataliwa kama mtu mzima," alisema. Kisha akaeleza habari za feni na televisheni, na majadiliano yakaanza upya, marefu, yenye kelele na ya manufaa. Kumbi za vijana mnazoziona sasa, wa kwanza ukiwa kwenye ghala la zamani la posta, zilizaliwa kwenye bwalo lile. Si nyingi. Baadhi yake feni zimeshaharibika, na Mwalimu hupiga simu kila moja inapoharibika. Kwenye uchaguzi mkuu uliofuata alikwenda kupiga kura. Alimpigia nani, hajamwambia mtu, hata mdogo wake. Na mdogo wake ameshamuuliza.

Baada ya hapo Mzee Kulikoni alirudi kwenye meza yake. Aliomba kanuni moja tu, naye Rais akaikubali mwenyewe mbele yetu: katika chumba cha wageni hakuna mtu atakayeambiwa kwamba aliyepo hayupo. Makatibu wanasema imewarahisishia kazi. Msemaji huacha simu yake kwenye droo kabla ya kikao, bila kuambiwa.

Nilimuuliza, tulipokuwa tukifungasha vitu vyake wiki iliyopita, kama kuna jambo lililobaki. Wajukuu anao, bustani anayo, mkewe ameshampa orodha ya kazi. Akaniambia habari za Fundi Saa.

Kumbe tangu siku ile ya bwaloni amekuwa akienda dukani kwa mzee yule kila apatapo nafasi. Fundi Saa humwacha akae. Huendelea na kazi, lenzi jichoni, bila neno. Mwezi uliopita ndipo alipofungua kinywa kwa mara ya kwanza. Aliuliza, "Unakuja hapa kwa niaba ya nani?" Mzee Kulikoni angeweza kujibu chochote. Akasema ukweli, kwamba bado ni mtumishi wa ofisi, na kwamba atakachosikia atalazimika kukipeleka. Fundi Saa akaitoa lenzi, akamtazama vizuri. "Basi njoo siku utakapokuja mwenyewe," alisema.

Jumatatu baada ya kustaafu atakwenda. Nilimuuliza atasema nini akifika. Alisema hajui, na uso wake ulikuwa uleule wa mtu aliyesikia jenereta likikohoa.

Mzee wetu, kwa niaba ya wenzako wa ghorofa zote, pamoja na wale waliowahi kusoma vitufe vya lifti, tunakushukuru kwa kutuvutia kiti upande wa pili wa meza. Tunakuombea afya, usingizi mzuri, na miaka mingi yenye furaha pamoja na mama watoto na Dada. Na Fundi Saa akizungumza, usituletee habari. Hiyo itakuwa yako.